Waridi la Kuazima

Mwezi uliopita vijana watano wa huku kwetu Ntobeye, wilayani Ngara, waliniletea mashairi yao niyapitie. Wanajua kwamba nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na wanaamini kwamba mstaafu hana udhuru wa kukosa nafasi. Niliyasoma usiku, kalamu mkononi. Vina vilipangika, na mizani ilitimia isipokuwa mahali pawili patatu. Lakini nilipofika shairi la nne nilianza kuona jambo lililonisumbua. Katika kila shairi mpenzi alikuwa waridi. Meno yake yalikuwa lulu, harufu yake asumini. Mapenzi yalikuwa bahari, na mwenye kupenda alikuwa nahodha ambaye jahazi lake limekumbwa na dhoruba.

Hakuna hata mmoja kati ya vijana hao aliyewahi kuiona bahari. Wamekulia katika nchi ya vilima na mabonde, migomba na mibuni, mafunjo na ng'ombe. Alfajiri wanaamka ukungu umejaa bondeni, vilele vya vilima vikiwa vimetokeza juu yake kimoja kimoja. Hayo yote hayakuingia katika shairi hata moja. Nilitaka kuwakemea, kisha nikakumbuka ni nani aliyewafundisha walimu wao.

Naomba nikiri mbele yenu, washairi wenzangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu wa kidato cha tatu, niliwaambia wanafunzi watunge ubeti mmoja wa kumsifu mzazi. Binti mmoja alimlinganisha mama yake na mgomba ulioinamishwa na mkungu wake. Nilisoma, nikacheka kidogo peke yangu, nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Si kishairi." Nikampa alama tatu katika kumi. Mwenzake aliyeketi dawati la mbele alimwita mama yake lulu ya bahari. Huyo nilimpa nane, nikausoma ubeti wake mbele ya darasa. Wakati ule niliona nimetenda haki. Nilikuwa nimefundishwa hivyo chuoni, na nikafundisha nilivyofundishwa.

Leo nasema kwamba ubeti wa mgomba ndio uliokuwa na jicho ndani yake. Ubeti wa lulu ulikuwa na sikio tu: mtoto alikuwa amesikia, hakuwa ameona. Hoja yangu katika makala haya ni hiyo. Sanaa huanza na jicho linalokaa juu ya kitu mpaka kitu hicho kitoe umbo lake, na sisi malenga wa bara tumeliacha jicho letu lizembee kwa sababu tulikuta maumbo yamekwisha kutengenezwa na wengine.

Wanaotuzunguka hawakuzembea hivyo. Ukivuka daraja la Rusumo, pale Mto Kagera unapotutenga na Rwanda, unaingia katika nchi iliyoitwa Gisaka. Huko wanawake wana sanaa inayoitwa imigongo. Huchukua samadi ya ng'ombe, wakaichanganya na majivu, kisha kwa vidole wakaijenga juu ya ukuta au ubao katika matuta membamba yaliyonyooka au kuzunguka. Ikikauka huisugua ikawa laini, ndipo wakaipaka rangi: nyeusi, nyeupe, nyekundu ya udongo. Simulizi za huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanzisha mapambo hayo ndani ya nyumba.

Jina lenyewe ni shairi, na sisi wa Ngara hatuhitaji mkalimani kulielewa. Umugongo ni mgongo, imigongo ni migongo. Simama juu ya kilima chochote cha huku wakati jua linazama. Utaona mgongo wa kilima nyuma ya mgongo wa kilima, giza na mwanga vikipokezana mpaka upeo wa macho. Kisha utazame kundi la ng'ombe likirudi zizini katika mstari mmoja, migongo yao ikipanda na kushuka. Halafu uende ukautazame ubao wa imigongo. Hutakuta humo kilima wala ng'ombe aliyechorwa, bali pembetatu, miraba na mizunguko. Hata hivyo mimi, kila nikiutazama ubao ule, nauona mstari wa nchi hii. Na samadi iliyojengewa matuta hayo ilitoka kwa ng'ombe yuleyule. Malighafi na umbo vimetoka zizi moja.

Sanaa hiyo ilikaribia kupotea. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi wakaingia Ngara, na Benaco ikageuka mji wa turubai. Sisi tuliokuwa watu wazima wakati ule tunayo picha hiyo, na haihitaji tamathali. Upande wa pili wa mto wengi waliouawa katika mauaji ya kimbari walikwenda na ujuzi wao. Lakini wanawake waliobaki walirudi kwenye samadi na majivu, wakaunda ushirika, na leo mbao zao zinauzwa kando ya barabara ya Nyakarambi iendayo Kigali. Sanaa ile iliwezekana kufufuliwa kwa kuwa vitu ilivyotoka kwavyo vilikuwa bado vipo, na mikono michache ilikuwa bado inavikumbuka.

Upande wetu wa mto pia tuna ushahidi, tena mkubwa. Kaskazini ya Ngara kuna Karagwe, na katika Karagwe kuna Bweranyange, palipokuwa makao ya wafalme. Ndagara anakumbukwa kuwa mfalme aliyehusishwa na uhunzi, na mwanawe Rumanika ndiye aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme. Aliandika kwamba humo aliona bata wa shaba wenye mabawa ya shaba nyekundu, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Katika vifaa vya kifalme vya Karagwe walikuwamo pia ng'ombe wa chuma, wadogo, wenye pembe ndefu zilizopinda kwenda juu.

Nataka tumfikirie mhunzi yule. Alikuwa na chuma chekundu kutoka motoni, na muda mfupi kabla hakijapoa. Hakuweza kuweka manyoya, madoa, kope wala jasho la ng'ombe. Alilazimika kujiuliza: nikiondoa kila kitu, ni nini kitakachobaki ambacho bila hicho huyu si ng'ombe wetu? Jibu lake lilikuwa pembe. Ng'ombe wa nchi hii anatambulika kwa pembe zake hata akiwa juu ya kilima cha mbali, na wachezaji wa kike wa Rwanda huinua mikono yao miwili juu kwa mzingo uleule, ukamjua ng'ombe kabla hujaambiwa. Mhunzi alilipata jibu hilo kwa kuwatazama ng'ombe maisha yake yote.

Je, mshairi si mhunzi wa namna hiyo? Mizani kumi na sita kwa mshororo ni chuma kinachopoa. Huna nafasi ya kusema yote kuhusu mama yako, kuhusu mto, kuhusu kifo cha rafiki. Utachagua mstari mmoja tu, na kama hukumtazama mama yako hutajua uchague upi. Ndipo mkono unapokwenda kwenye kapu la maneno ya kuazima, ukatoka na waridi.

Nasikia tayari sauti ya wapenzi wa ushairi wa pwani, na ninaiheshimu, kwa maana mimi pia ni mpenzi wake. Watasema: mwalimu, unataka kutukatia mizizi? Waridi na lulu ni urithi wa lugha, vimebeba karne za maana. Ni kweli. Lakini tuulize urithi huo ulipatikanaje. Muyaka bin Haji aliiweka Mombasa na bahari yake katika tungo zake kwa sababu ndiyo aliyoamka akaiona. Fundi wa milango ya Zanzibar na Lamu alichonga samaki, mitende na maua kwa kuwa samaki alimla, na chini ya mtende alipumzika. Korosho imeingia katika kanga ikawa pambo linalojulikana kila nyumba. Na kanga yenyewe, kama wengi wasimuliavyo, ilipata jina lake kwa ndege kanga, kwa sababu ya madoadoa ya vitambaa vya kwanza. Watu wa pwani walitazama mbele yao wakachukua umbo. Basi mwenye kutaka kuwaiga kwa kweli na afanye walilofanya: atazame mbele yake. Anayechukua waridi lao tu ameiga kitambaa, akaliacha jicho lililokibuni.

Jambo hili halituhusu sisi washairi peke yetu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba. Chui wake, ndege wake na nyati wake wana uhai wa ajabu: madoa yamekuwa ngoma, mkia umekuwa mkondo wa mto. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza. Waliomfuata wamo mafundi hodari walioongeza vyao. Wamo pia ambao chui wao ametoka katika chui wa mwingine, naye katika chui wa mwingine tena, mpaka chui amekuwa muhuri. Mnunuzi hajali. Lakini ukiziweka picha mbili pamoja, ile ya aliyemtazama mnyama na ile ya aliyetazama picha, hata mtoto atakuonyesha ni ipi inayopumua. Waridi la mashairi yetu ni chui huyo wa kumi.

Katika lugha yetu kuna mjadala ambao kwa maoni yangu uliificha hoja hii. Wale wa rika langu tunakumbuka mgogoro wa ushairi wa miaka ya sabini. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974, na wengine wakauliza kama tungo zisizo na vina wala mizani ni mashairi. Mwaka 1976 Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi wakatoa diwani yao, Malenga wa Bara. Sisi walimu tuligawanyika. Mimi nilikuwa upande wa vina, na sijauhama. Lakini kwa nusu karne tumebishana kuhusu chungu, duara au mraba, tukasahau kuuliza kinachopikwa ndani. Jina la diwani ile ya 1976 lilikuwa na swali zito kuliko mabishano yote: malenga wa bara ni nani, na anaona nini? Mtu anaweza kutunga shairi huru lililojaa waridi la kuazima, na anaweza kutunga tarbia kamili yenye vina vya kati na vya mwisho inayonuka udongo wa Ngara baada ya mvua ya kwanza. Vina havimzuii mtu kuona.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Msomaji wa Lamu ataelewaje mafunjo ya mabonde yetu? Atajuaje korongo mwenye taji ya manyoya ya dhahabu, yule ambaye jirani zetu humwita umusambi, anavyocheza akiruka mbele ya mwenziwe? Jibu langu ni kwamba mimi niliijua jahazi kabla sijaiona. Nilijua tanga na foromali, demani na kusi, nikiwa mtoto wa vilima, kwa sababu washairi wa pwani walizisema vizuri hata nikaziona. Nasi tuwatendee wenzetu wema huohuo. Shairi likishindwa kumwonyesha mgeni korongo, kosa ni la shairi, na dawa yake ni kulitunga upya.

Wala Kiswahili hakitakosa maneno. Kimewatazama mimea na viumbe tangu zamani, sisi tu hatusikii tena. Mkungu una chane, na chane lina vidole. Ipo ndizi iitwayo mkono wa tembo. Mlima una mgongo, mto una mdomo. Hata istilahi zetu za ushairi zimefanya hivyo: tunasema bahari za ushairi, na kipande cha mwisho cha mshororo tunakiita ukingo, kana kwamba mshororo ni mto. Na pale ambapo Kiswahili hakina neno, lugha zetu za nyumbani zinalo. Mafunjo ya Kiswahili na urufunzo wa majirani zetu wa Rwanda na Burundi ni ndugu wa wazi. Yeyote mwenye masikio ataona ukoo. Neno la namna hiyo likiingia katika shairi kwa adabu, likibebwa na maneno yanayolizunguka, halitamwangusha msomaji. Lugha hii imekua kwa kukaribisha.

Sasa nirudi kwa binti wa mgomba, maana sikuandika yote haya kwa ajili ya Stanley na Rumanika.

Nilikutana naye mnadani, miaka baada ya kustaafu. Alinitambua yeye kwanza, akapiga goti kidogo kama desturi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Bado unaandika?"

Akacheka. Aliniambia kwamba aliacha palepale, kidato cha tatu. Alama zile hakuzikumbuka. Alichokumbuka ni maneno mawili ya wino mwekundu. Nilimwomba radhi, hapo hapo katikati ya mafungu ya maharage, naye akaona haya kwa ajili yangu, kwa sababu kwetu mzee hamwombi kijana radhi hadharani. Akasema taratibu, "Basi, Mwalimu, yamepita. Lakini mama bado anatembea vilevile."

Niliporudi nyumbani nilikwenda shambani nikasimama mbele ya mgomba uliobeba. Nilisimama muda mrefu kuliko nilivyowahi kuutazama mgomba wowote, ingawa nimekula ndizi maisha yangu yote. Niliona kwamba hauinami tangu chini. Shina limenyooka kwa kiburi mpaka karibu na shingo, ndipo linapinda kwa ghafla pale penye uzito. Niliona kwamba kadiri mkungu unavyokomaa, ndivyo unavyoshuka kuelekea kwa vichipukizi vilivyo chini, kana kwamba unawaonyesha. Niliona gongo la kuegemeza lenye panda, ambalo mtu aliliweka akaondoka. Wahenga walisema mgomba haushindwi na mkunguwe. Nilifundisha methali hiyo mara nyingi mno, na siku hiyo ndiyo ya kwanza kuiona. Binti wa miaka kumi na sita alikuwa ameiona kabla yangu, nami nilimpa tatu.

Kwa vijana wale watano sikuandika "si kishairi." Niliwarudishia karatasi zao bila alama, nikampa kila mmoja kazi moja: achague kitu kimoja anachokiona kila siku, akitazame siku saba bila kuandika neno, kisha aniletee ubeti mmoja tu. Mmoja amechagua njia ya ng'ombe inayopanda kilima kwa kupindapinda. Mwingine amechagua chungu cha bibi yake. Wa tatu alilalamika kwamba kwao hakuna kitu cha kutazama; nikamwambia atazame hilo. Bado nawasubiri.

Mwalimu hapaswi kutoa kazi asiyoweza kuifanya mwenyewe. Huu ni ubeti wangu. Mfano si wangu, ni wa binti yule, na ameniruhusu niutumie:

Mgomba umeinama, mkungu bado washika,
Ni mfano wake mama, mzigo akijitwika,
Bondeni akisimama, kilimani atafika,
Leo nimeutazama, nilofuta naandika.